Vyungu Tisa kwenye Lango la Kisaraka

Zama zile, bunduki za pwani zikiwa bado hazijapanda mlimani, kila mgongo wa mlima ulikuwa na mtawala wake, Mangi, na kila Mangi alikuwa na boma lake. Hayo hayakuwa maboma ya miiba ya kuzuia fisi. Yalikuwa kuta za mawe zenye kimo cha watu wawili, zimezungukwa na handaki, na ndani yake mlikuwa na nyumba, mazizi, maghala, na katikati uwanja wa soko. Lango lilikuwa jembamba na fupi, hata mwenye mzigo alipita ameinama. Baada ya lango palikuwa na ujia wa hatua kumi na mbili kati ya kuta mbili, kisha lango la pili. Waliojenga walijua kwamba mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Masoko ya ndani ya kuta hizo yalikuwa ya wanawake. Siku ya soko mwanamume hakukanyaga uwanjani, hata Mangi mwenyewe. Na vita vilipowaka kati ya mgongo mmoja na mwingine, wanawake wa pande zote mbili waliendelea kupita njiani, kila mmoja amechomeka jani la isale, ishara ya amani, kwenye mzigo wake, wala hakuna shujaa aliyewagusa. Mashujaa nao walikula. Magadi, chumvi, ndizi na vyungu vilipaswa kufika, na waliovifikisha walikuwa wanawake. Mambo yalikwenda hivyo tangu enzi za mababu, na watu walidhani yataendelea hivyo daima.

Miongoni mwa maboma hayo, matatu yalifuatana kwenye njia moja ya kupanda: Mborio chini, Ngeruke katikati, na Kisaraka juu kabisa, penye chemchemi ambayo mifereji yote ilianzia. Katika njia hiyo alipita kila kiangazi mfinyanzi mmoja kutoka milima ya Ugweno, ng'ambo ya mbuga, jina lake Naghenjwa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa iliyokaushwa na udongo. Alibeba vyungu sita mgongoni, vimefungwa kwa kamba za migomba na kutenganishwa kwa nyasi. Alivaa ngozi mbili za mbuzi zilizolainishwa kwa mafuta, na kwenye mkono wa kushoto bangili ya chuma aliyofuliwa na kaka yake.

Kiangazi tunachokisimulia, Naghenjwa hakuja kwa ajili ya vyungu tu. Kaka yake Kajiru, mhunzi, alikuwa ametangulia miezi miwili nyuma na majembe, ambayo aliyauza nje ya kuta kwa kupitia wanawake. Hakurudi. Katika tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wawili tu, na Naghenjwa ndiye aliyemlea Kajiru tangu mama yao alipofariki. Aliapa kuwa hatarudi Ugweno bila yeye, au bila kuliona kaburi lake.

Alipoingia soko la Mborio alihisi jambo baya kabla hajatua mzigo. Wanawake walikuwapo, ndizi zilikuwapo, lakini hapakuwa na kelele. Hakuna aliyepunja, hakuna aliyelalamika kuwa amepunjwa. Kila mtu aliuza haraka na kuondoka akitazama chini.

Alikwenda kwa muuza magadi waliyejuana miaka mingi.

"Shoga, Kajiru amepita hapa?"

Mwanamke yule alimpimia magadi ambayo hakuyaomba. "Alipita. Watu wa Mangi walimchukua. Walisema wana kazi ya chuma."

"Kazi gani ya chuma ya miezi miwili?"

"Chukua magadi yako."

"Nakuuliza kazi gani."

"Na mimi nakuambia chukua magadi yako, Naghenjwa, na usiniangalie usoni unapoongea nami. Walimpeleka juu, njia ya Ngeruke."

"Watu wa Ngeruke wanasemaje?"

Muuza magadi alisema kwa sauti ndogo sana: "Masoko matatu yamepita. Hakuna mwanamke hata mmoja wa Ngeruke aliyeshuka."

Asubuhi iliyofuata Naghenjwa alipanda. Njia ilipita katikati ya migomba, na ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kuona hatua ishirini tu mbele. Aliona mikungu iliyoivia mgombani bila kukatwa, ndizi zimepasuka, ndege wamejaa. Hakuna mtu mlimani aliyeacha ndizi ziharibike hivyo. Mfereji ulikuwa umefurika njiani kwa kukosa wa kuuelekeza. Alitamani kugeuka. Miguu yake iliendelea kwa sababu ya jina moja tu.

Kuta za Ngeruke zilitokeza ukunguni zikiwa nzima. Hakuna jiwe lililoanguka. Lango lilikuwa wazi, na komeo lake, gogo la mti mgumu, nene kama paja, lilikuwa limeegemezwa ukutani kwa utaratibu, kama linavyoegemezwa na mtu anayemfungulia mgeni.

"Hodi," aliita Naghenjwa.

Aliinama, akapita ujia wa kwanza, akapita lango la pili, akatokea uwanjani. Hapo alisimama, akashika kinywa.

Soko lilikuwa limepangwa. Mafungu ya ndizi yalikuwa kwenye mistari yake, yameoza na kuwa meusi pale pale yalipowekwa. Vibuyu vya maziwa vilikuwa vimekauka. Mbele ya kila fungu palikuwa na kigoda, na vigoda vingi vilikuwa vimepinduka. Ukutani, kwenye kimo cha mwanamke, palikuwa na alama za mikono za rangi ya kutu. Nzi walikuwa wengi, lakini waliokufa hawakuwapo. Waliowaua walikuwa wamewaondoa. Kwa hiyo waliowaua walikuwa wameamua kukaa.

Ndipo alipoelewa maana ya komeo lile. Boma hili halikuvunjwa. Lilifunguliwa, na lilifunguliwa siku ya soko. Mtu alikuwa ameingia na jani la isale kwenye mzigo wake.

Upepo ulileta mlio wa nyundo kutoka nyuma ya maghala. Mapigo matatu, pumziko, mapigo matatu. Kila mhunzi ana mwendo wake, na mwendo ule Naghenjwa alikuwa ameusikia miaka ishirini akiwa anafinyanga.

Hakupata nafasi ya kukimbia wala ya kuita. Alipogeuka, watu sita wenye ngao nyeusi za ngozi ya nyati walikuwa wamesimama langoni. Mbele yao alikuwa mtu mmoja mrefu, hana ngao, amejifunika vazi la ngozi za pimbi, anakula ndizi ya kuchoma.

"Karibu, mama," alisema. "Tumekungoja kwa siku tisa. Kaka yako alisema unakuja kila kiangazi, nami nikaanza kudhani ananidanganya. Ingekuwa vibaya kwake."

Mtu huyo aliitwa Ndaskoi, jemadari wa Mangi wa Mborio. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimwogofya Naghenjwa kuliko mikuki.

Walimpeleka kwenye karakana. Kajiru alikuwa amefungwa mguu mmoja kwa mnyororo aliolazimishwa kuufua mwenyewe. Alikuwa amekonda, na nyusi zake zilikuwa zimeungua. Alipomwona dada yake alidondosha nyundo.

"Nilisema hutakuja mwaka huu," alisema. "Niliomba usije."

"Uliwaambia nakuja kila mwaka."

"Nilisema yote mawili, dada. Walikuwa wananipiga."

Kando ya fuawe palikuwa na visu vinane, vifupi, vipana, vyenye makali pande zote mbili. Na nyuma ya visu palikuwa na vyungu vinane. Naghenjwa alivitambua kabla hajavikaribia. Kile chenye mdomo uliopinda kidogo alimuuzia bibi arusi mwaka wa njaa. Kile chenye mistari ya ukucha alikitengeneza mvua ikinyesha, akadhani kitapasuka motoni, hakikupasuka. Vyote vilikuwa kazi ya mikono yake, na wote walionunua walikuwa wamekufa.

Ndaskoi aliketi kwenye kigoda, akaeleza jambo lake kama mtu anayepanga mavuno. Ngeruke aliiingia kwa vijana wake waliovaa ngozi za kike na kubeba ndizi. Lakini Kisaraka walikuwa wamesikia harufu ya jambo, na sasa hawakumpokea mwanamke yeyote ambaye bibi wa lango hamjui kwa sura. "Wewe anakujua," alisema. "Utakwenda mbele na chungu chako, kimoja tu mgongoni ili usichoke. Nyuma yako watakuja wake wa ndugu zako wanane, wageni, hawajui lugha ya huku, kila mmoja na chungu chake, ndani yake kisu kilichoshindiliwa nyasi. Utazungumza wewe. Wakifika uwanjani, kazi yako imekwisha."

"Na jani la isale?"

"Litakuwapo. Unadhani mimi ni mshenzi?"

Mashujaa wake walicheka. Ndaskoi hakucheka.

"Sisi wengine tutakuwa bondeni chini ya Kisaraka. Vijana wakilishika lango, watawasha moto wa majani mabichi juu ya ukuta. Moshi huo utaonekana huku pia. Watu wanne watabaki na kaka yako. Wakiuona moshi, watamwacha alipo, waje kuchukua fungu lao la mateka. Jua likifika utosini nao hawajauona moshi, watamwua. Sina chuki naye, ni fundi mzuri." Akainuka, akaondoa maganda ya ndizi kwenye vazi lake. "Kuna jambo lolote hufanywa pale langoni ambalo sina habari nalo? Sema sasa. Mimi sijawahi kwenda sokoni."

Lilikuwapo jambo. Kila mwanamke aliyewahi kununua chungu analijua. Chungu kisicho na kitu hugongwa kwa kifundo cha kidole kabla ya kupokewa. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukoroma, na chenye kitu ndani hakilii kabisa. Kisaraka walikuwa wakali zaidi ya wote: bibi wa lango aligonga kila chungu kabla hakijapita lango la pili, ili kibovu kisiingie sokoni kwake. Chungu kilichojaa tu, cha asali au cha samli, hakikugongwa. Ndaskoi hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kununua chungu maishani mwake. Mama yake alimnunulia, kisha mke wake.

"Hakuna," alisema Naghenjwa.

Walimruhusu kukaa na kaka yake kidogo kabla ya safari. Mlinzi alisimama mlangoni.

"Utafanya wanavyotaka?" aliuliza Kajiru kwa lugha ya kwao.

"Umeona uwanja ule, Kajiru?"

"Nimeuona siku ile ile. Walikuja nami. Nilisikia kila kitu." Alishika pindo la ngozi ya dada yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto. "Dada, sikiliza. Watu wa Kisaraka si ndugu zetu. Hawajui hata jina la mama yetu. Mimi sitaki kufa. Nimejaribu kuwa mwanamume kwa miezi miwili na nimeshindwa. Waingize. Wasipoingia leo wataingia kesho kwa njia nyingine, na mimi nitakuwa nimekufa bure."

Naghenjwa alimpangusa masizi usoni kwa kidole gumba.

Waliondoka kulipokwisha kupambazuka, ukungu ukiwa umelala migombani. Vijana wanane walikuwa wamenyolewa misuko yao ya kivita. Walivaa ngozi za wanawake wa Ngeruke na shanga zao, na kwenye mmoja Naghenjwa aliona ngozi yenye tundu lililoshonwa upya. Walikuwa wadogo, hakuna aliyefikisha miaka ishirini. Mmoja alikuwa na kikohozi. Mwingine hakuwa amezoea ngata kichwani, na chungu kilikuwa kinamyumbisha, akawa anatukana kila hatua.

"Usitukane," alimwambia Naghenjwa. "Mwanamke mwenye mzigo hana pumzi ya kutukana."

"Sema hivyo tena nikukate," alijibu kijana. Lakini hakutukana tena.

Kila hatua ya njia ile Naghenjwa aliwaza neno moja, nalo ni asali. Bibi akiuliza kuna nini ndani, atasema asali, na vyungu vitapita bila kugongwa, na Kajiru ataishi. Kisha aliona vile vigoda vilivyopinduka. Kisha aliona mkono wa Kajiru ukishika pindo la ngozi yake. Aliwaza pia kuangusha mzigo na kukimbilia migombani, lakini yule aliyemfuata nyuma alikuwa karibu kiasi cha kusikika pumzi zake. Aliomba kwenda kando, wakamkatalia. Alikwenda akiwa amelowa jasho katika baridi ile.

Lango la Kisaraka lilitokea ghafla mbele yake. Wanawake wawili walisimama nje na fimbo. Walimtambua, wakamwashiria apite. Aliinama, akaingia ujiani, na nyuma yake wakaingia wale wanane mmoja mmoja, mawe yakigusa mabega yao kushoto na kulia. Mwishoni mwa ujia, mbele ya lango la pili lililokuwa wazi, aliketi Bibi Ndeanka.

Alikuwa mwanamke mzito, mwenye meno machache na jicho moja lililofunikwa na mtoto wa jicho, na alilitawala lango lile tangu kabla Naghenjwa hajazaliwa. Pembeni yake wanawake wanne walishika kamba ya gogo la kuzibia lango.

"Aha! Mgweno wangu," alisema. "Umechelewa. Mchungaji wangu amevunja chungu cha mwaka jana, akasema kilivunjika chenyewe. Vyungu vyako siku hizi vinajivunja?"

"Vikiona uso wa mchungaji wako, bibi, huenda."

Bibi Ndeanka alicheka mpaka akakohoa. Kisha jicho lake zima likapita kwenye safu iliyokuwa nyuma.

"Na hawa?"

"Wake wa ndugu zangu. Hawajui lugha ya huku."

"Ndugu zako wanapenda wake warefu. Tazama mashavu ya miguu hii. Hawa ni wa kulima au wa kukimbiza swala?" Wanawake wa kamba walicheka. Yule mwenye kikohozi alikohoa ndani ya ngozi yake. "Haya, leta."

Naghenjwa aliteremsha chungu chake. Bibi Ndeanka alikigonga kwa kifundo cha kidole, nacho kikalia vizuri, mlio mrefu uliopanda kati ya kuta zile. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwashiria anayefuata. Kijana aliteremsha chungu chake taratibu. Kilikuwa kimefunikwa kwa jani la mgomba lililofungwa kwa ukindu. Bibi aliinua kidole, kisha akakisitisha.

"Hiki kimefunikwa. Kina kitu? Asali?"

Alikuwa amelitamka neno lenyewe. Naghenjwa alihitaji tu kusema ndiyo. Alijua jua lilikuwa limefika wapi nyuma ya ukungu. Alijua Kajiru wakati huo ameketi wapi, ametazama upande gani wa mbingu. Nyuma ya bega la Bibi Ndeanka, kupitia lango la pili, aliona soko la Kisaraka. Mama mmoja alikuwa anamkwepesha mtoto asishike pilipili. Wawili waligombania kibuyu na kuitana majina, na kelele zilikuwa nyingi kama kelele za soko zinavyotakiwa kuwa.

Magoti yake yalikuwa yanagongana. Alifungua kinywa na hakujua kitatoka nini.

"Gonga," alisema.

Bibi Ndeanka alimtazama. Kisha akagonga. Mlio uliotoka ulikuwa kama wa kugonga kisiki.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi kuliko kuyasimulia. Bibi yule mzito alimshika Naghenjwa mkono akamvuta kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani anazo, huku akipiga ukelele. Kijana alivunja chungu kwa ngumi, akatoa kisu, akampiga nacho Naghenjwa mgongoni, kuanzia bega hata kiunoni. Wanawake waliachia kamba. Gogo lilianguka. Huko nje wale wenye fimbo nao walikuwa wamesikia ukelele, wakasukuma lango lao na kulizuia kwa komeo. Vijana wanane wakawa ndani ya ujia, mbele ukuta, nyuma ukuta, kila mmoja ameshika kisu kifupi kisichomfikia mtu.

Wanaume wa Kisaraka walikuwa juu ya kuta na mawe. Naghenjwa alilala kifudifudi upande wa pili wa gogo, damu ikimtoka, akasikia mawe yakishuka. Alisikia kikohozi. Alisikia mmoja akimwita mama yake kwa jina, mara tatu. Halafu hakusikia kitu.

Ndipo, na si kabla ya hapo, akakumbuka moshi.

"Washeni moto," alisema. "Majani mabichi. Juu ya ukuta."

"Unaweweseka, mwanangu. Tulia tukufunge," alisema Bibi Ndeanka.

"Nina kaka Ngeruke. Wasipouona moshi watamwua. Washeni!"

Alieleza yote kwa pumzi fupi fupi. Mzee wa vita wa Kisaraka, mtu wa maneno machache aliyeitwa Kimambo, alikunja uso. "Moshi huo utawaita wote walio bondeni. Unataka tuwaite maadui zetu kwa ajili ya mhunzi mmoja?"

"Watakuja hata hivyo," alisema Naghenjwa. "Lakini wakiuona moshi watakuja wanakimbia, ngao zikiwa mgongoni, wakidhani lango liko wazi."

Kimambo aligeuka akaagiza majani ya migomba na kuni.

Moshi ulipanda mzito na mweupe, ukatoboa ukungu. Kutoka bondeni ulisikika wimbo. Mashujaa wa Mborio walitokea migombani wakikimbia, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenzake, nao walifika ukingoni mwa handaki kabla hawajaona kwamba lango limefungwa. Waliokuwa nyuma wakawasukuma waliokuwa mbele. Mishale na mawe vilishuka kama mvua ya vuli. Ndaskoi alikuwa mbele kabisa. Aliyemwona alisema kwamba alisimama akautazama moshi, kisha akalitazama lango, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo alilosahau nyumbani. Na jiwe lilimpata hapo. Kabla ya jua kufika utosini, waliobaki walikuwa wanashuka mlima bila mpangilio, na Mborio haikupata tena nguvu ya kupanda mlima ule kwa umri wa mtu mzima.

Naghenjwa hakukubali kungoja kidonda kikauke. Walimbeba kwenye machela hadi Ngeruke siku ile ile, pamoja na watu kumi na wawili wenye mikuki. Alifumba macho njia yote. Alipoyafumbua, Kajiru alikuwa ameketi kando ya fuawe, mnyororo ungali mguuni, mzima. Walinzi wake walikuwa wameuona moshi wakakimbilia mateka.

Kajiru alilia, akacheka, akamshika dada yake miguu. "Ulifanya," alisema. "Nilijua utafanya. Niliuona moshi nikasema, dada yangu amewaingiza."

"Amewaingiza?" alisema mmoja wa watu wa Kisaraka, kijana aliyefurahia ushindi wake. "Dada yako ni simba! Bibi alimuuliza kama ni asali, yeye akasema gonga. Hivyo tu. Hata hakutetemeka."

Kajiru aliacha kucheka. Aliupindapinda mnyororo mikononi.

"Uliposema gonga," alimuuliza dada yake kwa lugha ya kwao, "ulikuwa umeshaufikiria moshi?"

Naghenjwa angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu chini ya jua ambaye angemkanusha. Lakini alikuwa amesema uongo mmoja katika karakana ile ile, na uongo huo ulikuwa umeua vijana wanane.

"Hapana," alisema. "Ulinijia baadaye."

Kajiru alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akachukua nyundo na tindo, akaukata mnyororo mguuni mwake kwa mapigo manne. Alimsaidia dada yake kugeuka ubavuni ili kidonda kisiumie, akamwekea ngozi chini ya kichwa. Kisha akafunga vifaa vyake na kushuka kwa njia ya magharibi, ambayo haiendi Ugweno. Hakugeuka nyuma, wala dada yake hakumwita.

Watu wa Kisaraka walimpa Naghenjwa shamba la migomba ndani ya kuta, akashukuru, akakataa. Kidonda kilipofunga alirudi kwao akafinyanga. Huko mlimani, wazee waliosimulia vita hivyo walitaja uimara wa kuta, busara za Kimambo, na jina la Mangi wao ambaye siku ile alikuwa amelala na homa. Walipomfikia yeye walisema, mwanamke mmoja Mgweno, ambaye hakutetemeka.

Aliendelea kupita masokoni kila kiangazi kwa miaka kumi na minne. Alipotua vyungu vyake, alikwenda kwanza kwenye mafungu ya majembe, akayageuza moja moja kutazama shingo zake, mahali mhunzi anapoweka alama. Mwaka wa sita, katika soko la mbali upande wa magharibi, aliiona alama aliyoitafuta. Jembe lilikuwa jipya, na kazi yake ilikuwa safi. Alilishika mpaka mwenye kuuza akamuuliza kama ananunua.

"Fundi wake yu hai?" aliuliza Naghenjwa.

"Yu hai. Ana watoto watatu. Unamjua?"

Naghenjwa alilirudisha jembe kwenye fungu lake, akalipanga sawa na mengine.

"Mwambie chuma chake ni kizuri," alisema, akaenda kufungua vyungu vyake.